Jiwe la Ndoa Linaporudi Nyuma

"Hapana," alisema. "Siwezi kuolewa na wewe."

Fundi alikuwa ameshika meno ya bandia ya juu ya mtu, seti nzima, yamekaa kwenye ufizi wa rangi ya waridi kana kwamba yanacheka. Hakununa wala hakupandisha sauti. Alimtazama mwanamke aliyesimama mbele ya meza yake ya kazi, mwanamke aliyempenda mpaka hamu ya chakula ikamwisha, kisha akauliza swali ambalo angeuliza hata kama dari ingemwangukia:

"Kwa nini?"

"Usiniulize."

"Nisipouliza nitajuaje? Hunipendi?"

"Nakupenda. Hiyo ndiyo tabu yenyewe."

"Basi kuna mtu mwingine."

"Hakuna mtu. Kuna jiwe."

Hapo ndipo Fundi alipoyaweka meno mezani.

Usicheke, msomaji, maana bibie hakuwa anatania. Huyu ndiye Dada Nyota, yule wa redioni, anayeingia hewani kila asubuhi baada ya habari kuwaambia watu mbingu zimeamkaje. Wanajimu wengine huridhika na jua, mwezi na sayari zile kubwa. Yeye aliwapenda wadogo. Alishughulika na vijisayari, yale mawe yanayozurura katikati ya Mirihi na Mshtarii, ambayo wenzake waliyaona makombo tu. Kwake kila jiwe lilikuwa na kazi yake. Seresi ilieleza mtu amelelewaje na atalea vipi. Palasi ilikuwa ya akili. Vesta ilikuwa moto wa ndani, kile kitu unachokitumikia hata bila kushukuriwa. Juno ndiyo ndoa. Na Kironi, lile linalotangatanga mbali kule upande wa Zohali, lilikuwa jiwe la kidonda kisichofunga.

Wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama watapata kazi, au kama aliyeondoka atarudi. Siku moja akapiga mtu aliyesema anatengeneza meno ya bandia nyuma ya zahanati. Akauliza:

"Dada Nyota, hilo jiwe Vesta, nani aliamua kwamba linahusu moto?"

 Wiki nzima Dada Nyota alitafuta jibu, akalipata, na mtu yule alipopiga tena alijikuta moyo unamdunda. Tangu hapo mambo yakaenda yalivyokwenda, mpaka leo Fundi amemchumbia mchana kweupe katikati ya vinywa vya watu.

"Jiwe gani?" Fundi aliuliza.

"Juno. Siku niliyozaliwa lilikaa na Kironi bega kwa bega. Jiwe la ndoa juu ya jiwe la kidonda. Mwanamume nitakayeolewa naye ataniumiza, au mimi nitamuumiza, na hapatapona."

"Nani kasema?"

"Shangazi."

"Na wewe mwenyewe uliangalia?"

"Mimi? Mganga hajigangi!"

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao. Shangazi ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, na ndiye aliyemfundisha unajimu. Shangazi alimsomea yeye, yeye alimsomea shangazi, na hakuna aliyethubutu kufungua ramani yake mwenyewe, ule mchoro wa mbingu za siku aliyozaliwa. Anayejisomea, shangazi alisema, huona anachotamani au anachoogopa, haoni kilichopo.

"Kwa hiyo unamsomea kila mtu mjini hapa," Fundi alisema polepole, "ila ramani yako hujawahi kuiona?"

"Na wewe umewahi kujitengenezea meno?"

"Yangu bado yapo," Fundi alicheka. "Lakini nikimtengenezea mtu, simwambii 'yamekukaa vizuri, nenda.' Namwambia vaa, uma, niambie panapobana. Mdomo ni wake."

"Nyota si meno, Fundi."

"Sijasema ni meno. Nimeuliza tu."

Aliondoka kabla machozi hayajamsaliti. Njia nzima alijiambia amefanya vyema. Mtu unayempenda humwingizi kwenye nyumba unayojua itaungua.

Jioni ile, shangazi akiwa anashona kifungo cha blauzi na yeye amekaa mbele ya kikombe chake, simu ililia, ujumbe wa Fundi.

"Nina swali. Juno ni kubwa kiasi gani?"

Akaandika: "Ni dogo. Huwezi kuliona kwa macho."

"Na liko mbali?"

"Mbali sana."

"Basi limetufikiaje mimi na wewe?"

Shangazi alimtupia jicho juu ya miwani.

"Bwana Kwanini tena?"

"Anauliza maswali yake."

"Huyo akifika peponi atamuuliza malaika mlango umefungwa kwa komeo gani."

Walicheka wote wawili. Kisha akasema, "Amenichumbia, shangazi."

Sindano ikasimama.

"Ukamwambiaje?"

"Nimekataa."

"Kwa sababu gani?"

"Unaijua sababu. Si wewe uliyeisoma?"

Shangazi aliinamia kile kifungo kama vile kimeanza kumsemesha. Kisha akasema, "Chai yako inapoa, mwanangu."

Kikombe kilikuwa kitupu. Dada Nyota aliliona hilo, akalipuuza. Alikuwa anawaza wale wawili waliotangulia. Wa kwanza alikuwa muuza magari, mtu wa manukato na maneno matamu, ambaye Nyota alimlilia mwezi mzima baada ya shangazi kumsomea ramani na kumwambia habari za Juno na Kironi. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole, mkweli, asiye na makuu. Huyo naye Nyota alimkataa, kwa jiwe lilelile. Mwalimu sasa ana watoto, na wakikutana sokoni humsalimia vizuri, jambo ambalo humuuma kuliko kama angemnunia.

Asubuhi alimaliza kipindi chake na kuvua vipokea sauti vya masikioni. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro ya ukutani ya kuzuia mwangwi, meza, na kompyuta anayotumia kuchorea ramani za wasikilizaji. Ujumbe ulikuwa unamsubiri.

"Swali la mwisho, halafu nitanyamaza. Unaogopa kulikuta jiwe lipo, au unaogopa kulikuta halipo?"

Aliusoma akakasirika. Aliusoma tena akacheka kwa hasira. Mara ya tatu hakucheka wala kukasirika, na ndipo alipojua kwamba swali limempata.

Aliivuta kompyuta. Akaandika siku aliyozaliwa, na saa ile ambayo shangazi humsimulia siku zote, alfajiri, mvua ikipiga bati. Kidole kilisita juu ya kitufe. Mganga hajigangi. Akabonyeza.

Duara likajichora. Kwanza alimtafuta Kironi, akamkuta kwenye kundi la nyota la Kaa. Akaangalia pembeni yake, kulia na kushoto. Palikuwa patupu. Akadhani amekosea mwaka, akaandika upya. Patupu vilevile. Juno lilikuwa limekaa zake kwenye Mshale, kundi jingine kabisa, mahali ambapo hata wangetaka kuchunguliana na Kironi wasingeweza.

Hakupiga simu. Maneno mengine husemwa uso kwa uso.

Shangazi alikuwa uani anaanika mashuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Juno yangu iko wapi?"

Shangazi alichukua kibanio, akabana ncha ya shuka. Akachukua kingine.

"Umejisomea," alisema.

"Iko wapi?"

"Mshale." Sauti ilitoka nyuma ya shuka, uso haukuonekana. "Imekuwa Mshale siku zote."

 Nyota alipiga kelele ambayo hajawahi kumpigia shangazi yake tangu azaliwe.

"Kwa nini ulinidanganya? Nilikukosea nini?"

"Yule muuza magari alikuwa na mke! Niliwaona kwa macho yangu, amembeba mtoto wake begani."

"Si ungeniambia!"

"Nilikuambia. Ukanijibu kwamba nakuonea wivu kwa kuwa mimi sikuolewa. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Sasa akakumbuka, neno kwa neno, hata rangi ya gauni alilokuwa amevaa siku hiyo.

"Hukuwa unanisikiliza mimi," shangazi aliendelea. "Ulikuwa unayasikiliza mawe. Basi nikayapa mawe maneno yangu. Ukasikia."

"Na mwalimu? Mwalimu alikosa nini?"

 Upepo ukalisogeza shuka, akamwona shangazi amesimama na vibanio kwenye kiganja, analia bila sauti.

"Hakukosa kitu. Kila siku nilisema kesho nitakuambia. Ningeanzaje? Niseme jiwe limehama? Na siku zinavyopita ndivyo mdomo unavyozidi kuwa mzito. Halafu, mwanangu, nitakuficha nini tena. Ukiondoka humu ndani, mimi nabaki na nani?"

Angeweza kumkumbatia. Angeweza pia kumwambia maneno ambayo hayafutiki. Hakufanya lolote. Aligeuka akatoka, kwa sababu chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine kinachopanda, na kilikuwa furaha. Jiwe halipo! Alitembea, akaanza kukimbia, viatu mkononi, watu wakamgeukia.

Aliingia karakana ya Fundi bila kubisha.

"Halipo!"

Fundi alizima mashine ya kung'arishia. "Nini hakipo?"

"Jiwe! Halijawahi kuwepo. Shangazi alinidanganya, nitakusimulia yote. Juno yangu haina kidonda, Fundi. Kwa hiyo ndiyo. Jibu langu ni ndiyo, nitaolewa nawe!"

Alingoja kukumbatiwa. Fundi alivua miwani yake ya kazi, akaifuta vumbi jeupe kwa upindo wa aproni. Alichukua muda mrefu kuifuta.

"Nimefurahi kwamba umeangalia," alisema. "Ila nina swali."

"Fundi, leo si siku ya maswali!"

"Moja. Na kama ungelikuta pale?"

"Nimekuambia halipo."

"Nimesikia. Na kama lingekuwepo?"

 Alitaka kusema ningekukubali tu. Lakini huyu alikuwa mtu asiyemdanganya, na yeye alikuwa ametoka kudanganywa, ladha yake bado ilikuwa mdomoni.

"Sijui," alisema.

"Jana jiwe lilinikataa. Leo jiwe limenikubali." Sauti ya Fundi ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomchoma. "Mimi nilikuchumbia wewe. Wewe bado hujanijibu."

"Unaniadhibu kwa sababu ya kazi yangu?"

"Kazi yako naipenda, ndiyo iliyonileta kwako. Hivi, mawe mapya si hugunduliwa kila mwaka?"

"Hugunduliwa mengi."

"Basi kila likigunduliwa jipya, niwe nakuja kuchumbia upya?"

Dada Nyota alivitazama viatu vyake mkononi.

"Sina hasira," Fundi alisema, akavaa miwani. "Nenda kafikiri. Ukipata jibu lako, lako wewe, mimi nipo hapa na meno yangu."

Tangu siku hiyo simu yake ikanyamaza. Msomaji, kama hujawahi kuzoea kuulizwa maswali na mtu anayetaka kweli kujua majibu, huwezi kujua ukimya wake unavyouma. Hakuna tena aliyemuuliza eti Seresi hulea watoto wa nani. Hakuna aliyemuuliza kama mawe yale huchoka kuzunguka. Alikuwa akiona kitu njiani, paka amelala juu ya pikipiki, mkono unakwenda kwenye simu kumwambia Fundi, kisha unarudi mtupu. Nyumbani yeye na shangazi walipishana ukumbini kama wapangaji wasiojuana. Kila mmoja alipika chakula chake, na kila mmoja alipika kingi kupita kiasi.

Alijaribu kufungua ramani tena, atafute ndani yake kama anampenda mtu yule au hampendi. Akajiona mjinga, akaifunga. Alichokuwa anakitafuta kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa kimemkaa kooni muda wote.

Asubuhi moja akawa hewani. Mada ilikuwa Juno, maana jiwe lilikuwa limeanza kurudi nyuma, na kwa kawaida kipindi kama hicho huwaambia watu wasubiri. Msifunge ndoa, msichumbie, ngojeni liende mbele. Alikuwa ameshaiandaa sentensi hiyo.

"Tuna msikilizaji kwenye simu. Karibu."

"Asante, Dada Nyota." Ilikuwa sauti ya mwanamke, ameipandisha puani ili isijulikane. "Mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi."

Angeitambua sauti ile hata chini ya maji. Kijana wa mitambo, aliyekuwa upande wa pili wa kioo, alimwona anashika ukingo wa meza.

"Karibu, mama. Una swali?"

"Nina swali. Kuna binti niliyemlea. Nilimsomea nyota yake, nikamdanganya." Ile sauti ya puani ilianza kushuka, ikawa ya kawaida. "Mara ya kwanza nilimdanganya ili nimwokoe. Mara ya pili nilinyamaza ili nisibaki peke yangu. Sasa amepata mtu mzuri. Anauliza maswali mengi kama karani wa sensa, lakini ni mzuri. Na leo unatuambia jiwe la ndoa linarudi nyuma. Nataka kujua, kwa makosa yangu, mtoto wangu asubiri tena?"

 Mahali fulani kwenye nyumba za watu, vijiko vilisimama kwenye vikombe.

"Mama," alisema mwishowe, "huyo binti alikutukana siku uliyomwambia ukweli. Naye ana lake la kuomba radhi."

"Yameisha hayo."

"Hayajaisha, ila yataisha." Alifuta macho kwa kiganja. "Sasa swali lako. Miaka yote nimewaambia watu wangoje. Nayapenda mawe haya, nayafuata kwa sababu kila siku yananishangaza. Lakini jiwe haliolewi, mama. Halitaamka asubuhi kando ya mtu, halitamuuguza, halitagombana naye juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi. Mimi niliulizwa swali na mtu, nikalituma jiwe likajibu. Alikuwa na haki ya kulirudisha."

Akavuta pumzi.

"Jibu langu ni ndiyo. Ningelikuta Juno juu ya Kironi, juu ya Kironi na Zohali na balaa zote za mbinguni, lingekuwa ndiyo. Ningeogopa, lakini lingekuwa ndiyo. Na kwa kuwa sitaki aseme tena kwamba nimesubiri ruhusa, nataka tufunge ndoa mwezi huu huu, jiwe likiwa linarudi nyuma. Kama bado ananitaka."

Taa ya simu ya pili ikawaka. Kijana wa mitambo hakungoja kuambiwa, akaiunganisha.

"Uko hewani," Dada Nyota alisema.

Kwanza ulisikika mlio wa mashine ya kung'arishia ikizimwa.

"Dada Nyota, nina swali."

"Uliza."

"Saa ngapi?"

Kicheko kilimtoka pamoja na kilio, na kwenye simu ile nyingine, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata, mwanamke mtu mzima alisikika akisema, "Mungu wangu, hata hapo ameuliza!"

Ndoa ilifungwa kwenye ofisi ndogo ya serikali yenye viti vya plastiki na feni inayolalamika. Wasikilizaji walijaa mpaka barazani. Wengine walikuja kwa mapenzi, wengine kutazama kama dari itaanguka kwa kuwa bibie amevunja miiko yake mwenyewe. Shangazi alikaa kiti cha mbele, amevaa ile blauzi yenye kifungo kipya. Alikuwa ameshapanga na Fundi kwamba nyumba yao itakuwa na kitanda chake cha wikiendi, na Fundi alikuwa ameshamuuliza akilala hugeukia upande gani na kwa nini.

Ofisa alifungua faili, akasafisha koo. Fundi akamwinamia mkewe mtarajiwa.

"Nyota. Hilo jiwe linarudi nyuma kweli?"

"Sasa hivi, Fundi?"

"Nataka kujua."

"Halirudi," alinong'ona. "Linakwenda mbele vilevile. Dunia yetu ndiyo inayolipita, ndiyo maana tukilitazama tunaliona kama linabaki nyuma."

"Kwa hiyo sisi ndio tumelipita?"

"Sisi ndio tumelipita."

"Nyamazeni huko mbele!" shangazi alifoka kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka barazani. "Mnaulizwa swali nyie!"

Kweli ofisa alikuwa ameshaanza. "Je, wewe, kwa hiari yako mwenyewe, bila kulazimishwa wala kushawishiwa na mtu yeyote au kitu cho—"

"Ndiyo," Nyota alisema, kabla swali halijaisha.